Ufadhili na Udahili katika Vyuo Vikuu vya Umma Nchini Kenya: Mtazamo Kutoka Idara ya Kiswahili

Utangulizi

Mjadala kuhusu ufadhili wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya huendeshwa aghalabu kwa lugha ya wahasibu. Hutajwa mabilioni ya madeni, asilimia za mgao na idadi ya watahiniwa waliofuzu, na yamkini mwanafunzi wa Kiswahili akadhani kuwa hayo ni mambo ya maafisa wa Hazina, wala hayamhusu yeye anayeshughulika na ngeli na mashairi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa sivyo. Hatima ya somo la Kiswahili chuoni, tangu ukubwa wa darasa hadi namna insha moja inavyosahihishwa, imefungamana na maswali mawili: ni nani anayemlipia mwanafunzi, na ni wanafunzi wangapi wanaoingizwa kwa fedha hizo? Dai la makala ni kwamba kwa zaidi ya miongo mitatu idadi ya wanafunzi imekuwa ikiamuliwa mahali pamoja na fedha zikiamuliwa mahali pengine. Pengo linalozuka baina ya maamuzi hayo huzibwa na idara ambazo ufundishaji wake hudhaniwa kuwa wa bei nafuu. Idara ya Kiswahili ni mojawapo, tena si ya mwisho.

Usuli: Kutoka Bumu hadi Mkopo

Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka 1970, baada ya kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichojumuisha pia Makerere na Dar es Salaam, swali la nani alipe halikuwa zito. Taifa lilihitaji watumishi wa kujaza nafasi zilizokuwa zimeshikwa na wageni. Wanafunzi walikuwa wachache. Walisomeshwa, wakalishwa, wakapewa malazi na hata posho ambayo wenyewe waliibatiza jina la "bumu". Ni kweli kwamba tangu mwaka 1974 palikuwa na mpango wa mikopo, lakini mpango huo ulikosa chombo madhubuti cha kuwafuatilia wadaiwa, na wengi waliokopa walihitimu, wakaajiriwa, wakasahau. Machoni pa mwanafunzi wa enzi hiyo, mkopo na bumu havikutofautiana sana.

Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1980, na mabadiliko yenyewe yanakihusu Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 1981 Tume ya Mackay ilipendekeza kuundwa kwa chuo kikuu cha pili, kuanzishwa kwa mfumo wa elimu wa 8-4-4, na kufanywa kwa Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na mfumo wa 8-4-4 ukaanza kutekelezwa mwaka 1985. Mwaka huo huo Kenyatta ikawa chuo kikuu kamili, ikifuatwa na Egerton mwaka 1987. Ikumbukwe kuwa hadi wakati huo mwanafunzi wa Kenya aliweza kupanda ngazi zote za elimu pasipo kuulizwa swali hata moja la Kiswahili katika mtihani uliobeba uzito. Kwa hivyo, tume ile ile iliyoupanua mlango wa chuo kikuu ndiyo iliyokitoa Kiswahili pembezoni na kukileta katikati. Kila shule ya upili ilihitaji sasa mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu huyo hakuwa na pa kufunzwa ila vyuoni.

Fauka ya hayo, mwaka 1990 vyuo vilipokea mikupuo miwili kwa pamoja: wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa zamani wa kidato cha sita na wale wa kwanza wa 8-4-4. Madarasa yalifurika. Mabweni yaliyojengewa wawili yakalaza wanne. Wakati huo huo serikali ilikuwa chini ya masharti ya marekebisho ya kiuchumi yaliyohimizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambayo yalitaka matumizi ya umma yapunguzwe. Mwaka 1991 sera ya kuchangia gharama iliingia vyuoni. Posho ikaondolewa, na mwanafunzi akaanza kulipa kadiri alavyo. Hapa ndipo mwachano unaozungumziwa katika makala haya ulipoanza kuonekana waziwazi, yaani wanafunzi waliongezeka katika mwaka ule ule fedha zilipopunguzwa.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1995 ili kukopesha na, muhimu zaidi, kudai. Katika mpango wa wakati huo, gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja kwa mwaka ilikadiriwa kuwa shilingi 120,000. Serikali ilitoa 70,000, na zilizosalia zikatarajiwa kutoka kwa mzazi na mkopo. Karo iliyolipwa chuoni ilikuwa shilingi 16,000, na kiwango hicho kilidumu hadi mwaka 2023. Msomaji na ajiulize ni kitabu gani, mkate gani au nauli gani iliyobaki na bei yake ya miaka ya 1990 hadi mwaka huo.

Istilahi na Dhana Zilizomo

Kabla ya kuendelea, inafaa kutua kidogo kwenye maneno yenyewe, maadamu hii ni taaluma ya lugha. Neno linalotumiwa rasmi ni "kufadhili". Mzizi wake ni ule wa fadhila, yaani wema anaotendewa mtu pasipo kuustahili kwa haki. Anayefadhiliwa hana la kudai, ana la kushukuru tu. Wahenga waliposema mfadhili mbuzi binadamu ataudhi, walikuwa wakizungumzia uhusiano wa aina hiyo hiyo baina ya mtenda wema na mtendewa. Ilhali Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inaitaja elimu miongoni mwa haki za kiuchumi na kijamii. Lugha ya bajeti na lugha ya Katiba, basi, hazikubaliani juu ya mwanafunzi ni nani.

Neno la pili ni "kujilipia", lililoenea baada ya mwaka 1998. Kiambishi rejeshi "-ji-" humfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja, nacho hufuta kwa ustadi mkubwa ukoo mzima uliouza ng'ombe, ukaweka rehani shamba na kufanya harambee. Kwa hakika ni wanafunzi wachache sana waliowahi kujilipia. Ama neno "mkopo", hilo halina udanganyifu. Kukopa harusi, kulipa matanga. Aliyelitunga fumbo hilo hakuwaza habari za chuo kikuu, lakini mhitimu asiye na kazi anayepokea barua ya kudaiwa analielewa bila mwalimu.

Mpango Sambamba na Walimu wa Likizo

Mwaka 1992 Makerere ilianza kuwapokea wanafunzi waliolipiwa na familia zao kando ya wale wa serikali. Mfano huo ulivuka mpaka. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango sambamba, ambao wengi waliujua kwa jina la Moduli ya Pili, na vyuo vingine vikafuata. Waliofuzu kwa gredi ya C+ lakini wakakosa nafasi za serikali walipata mlango. Mpango huu ulilaumiwa, na lawama nyingine zilikuwa za haki: wenye fedha waliingia katika kozi ambazo wenzao wenye alama bora zaidi walizikosa. Hata hivyo, haifai kusahau kwamba ni mpango huo uliowawezesha watu wazima wengi kurudi darasani.

Idara za Kiswahili zilifaidika kwa namna ya pekee. Walimu wa shule za msingi na wenye stashahada waliotaka shahada ya ualimu walimiminika vyuoni wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na Kiswahili kikawa miongoni mwa masomo waliyoyachagua kwa wingi. Walikuwa wanafunzi wa aina yake. Walijua makosa ya watoto kwa kuyaona kila siku, na mhadhiri aliyefundisha upatanisho wa kisarufi hakuhitaji kuwatafutia mifano. Karo yao ilikuwa mara kadhaa ya ile ya mwanafunzi wa serikali. Kwa fedha hizo vyuo vilijenga kumbi, vikanunua majengo mijini, vikafungua matawi na kuwaajiri wahadhiri wa muda. Kwa bahati mbaya, vilianza pia kulipia mambo ya lazima kwa fedha zisizo za hakika. Mshahara ni mzigo wa kila mwezi. Mwanafunzi wa kulipa si wa kila mwaka.

Katika kipindi hicho hicho kiwango cha serikali cha shilingi 70,000 kilikuwa kimoja kwa kila mwanafunzi, awe anasomea udaktari wa meno au fasihi simulizi. Wasomi wengi wa Kiswahili hawakulipa jambo hili uzito lililostahili. Ukijumlisha 70,000 na karo ya 16,000, kila mwanafunzi alileta chuoni shilingi 86,000. Fedha hizo hazikukaribia gharama ya mwanafunzi wa tiba anayehitaji maabara, maiti na hospitali. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, anayehitaji ukumbi, mhadhiri na maktaba, zilikaribia kutosha na pengine kubakisha. Masalio hayo hayakurudi idarani kununua vitabu. Yaliingia katika mfuko mmoja wa chuo na kwenda kuziba matundu kwingine. Hakuna aya ya taarifa yoyote ya fedha iliyowahi kuishukuru idara ya Kiswahili kwa mchango huo.

Wimbi la Udahili: 2012 hadi 2024

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilifuatwa na upanuzi wa kasi. Baina ya mwaka 2012 na 2013 vyuo vishiriki vingi vilipewa hati, na idadi ya vyuo vikuu vya umma ikapanda kutoka 7 hadi 22. Kila kimoja kilihitaji naibu chansela, baraza, msajili na magari. Kila kimoja pia kilianzisha shahada ya ualimu wa sanaa, kwa kuwa hiyo huanzishwa kwa chaki na viti.

Kisha likaja pigo ambalo halikutarajiwa. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015, watahiniwa zaidi ya 165,000 walipata C+ na zaidi. Mwaka 2016, baada ya Waziri Fred Matiang'i kukaza kamba za usimamizi wa mitihani na kuukomesha wizi uliokuwa umekithiri, idadi hiyo ilishuka hadi takriban 89,000. Mwaka 2017 ikashuka tena hadi 70,000 na ushei. Nafasi za serikali zilikuwa zinatosha kuwachukua wote, na kuanzia mwaka 2016 serikali iliwapeleka wengine hata katika vyuo vikuu vya binafsi na kuwalipia huko. Mpango sambamba ukakauka. Hapakuwa tena na kundi la waliofuzu wakakosa nafasi. Matawi ya mijini yakafungwa moja baada ya jingine, na wahadhiri wa muda wakabaki na madai ya muhula uliopita mikononi.

Isidhaniwe kuwa kukomeshwa kwa udanganyifu kulikuwa kosa. Kosa lilikuwa kujenga nyumba juu ya alama ambazo sehemu yake ilikuwa ya wizi.

Baada ya hapo wimbi liligeuka. Mwaka 2019 waliopata C+ na zaidi walipita 125,000. Mwaka 2023 walipita 201,000, na mwaka 2024 wakapita 246,000. Kwa maneno mengine, katika muda wa miaka saba tu idadi ya wanaostahili kuingia chuo kikuu ilizidi kuongezeka mara tatu. Hakuna bajeti ya serikali yoyote inayokwenda kwa mwendo huo, wala hakuna idara inayoweza kuajiri, kufukuza na kuajiri upya kwa kufuata mawimbi ya gredi.

Hesabu ya Darasa Moja

Kuanzia mwaka wa masomo wa 2017/18 kiwango kimoja kwa wote kiliachwa, na badala yake ukatumiwa utaratibu wa kukadiria gharama ya kila aina ya kozi. Ahadi ilikuwa kwamba serikali ingebeba asilimia 80 ya gharama hiyo. Katika utekelezaji mgao ulipungua mwaka baada ya mwaka, na kufikia mwaka 2022 ulikuwa umeshuka chini ya nusu. Athari yake inaeleweka vyema kwa kielelezo.

Na ichukuliwe, kwa ajili ya kielelezo tu, kozi ambayo gharama yake ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Kama serikali ingetimiza ahadi ya asilimia 80, ingetoa shilingi 120,000. Mwanafunzi angelipa karo ya 16,000. Jumla ni 136,000, na tayari pana upungufu wa 14,000 hata katika hali ya uaminifu kamili. Serikali ikitoa asilimia 48 pekee, mgao unakuwa 72,000, na pamoja na karo chuo kinapokea 88,000. Upungufu ni 62,000 kwa kila kichwa. Darasa la wanafunzi 400 lina upungufu wa shilingi milioni 24.8 kwa mwaka. Kila mwanafunzi anayepokelewa kwa furaha siku ya usajili huongeza deni vitabuni.

Je, mbona basi vyuo viliendelea kudahili? Jibu limo katika tofauti baina ya gharama ya vitabuni na fedha taslimu. Katika kozi isiyo na maabara, mwanafunzi wa 401 hahitajiwi mhadhiri mpya wala ukumbi mpya. Huketi ngazini au husimama dirishani. Hivyo, zile shilingi 88,000 huingia chuoni karibu zote zikiwa huru kulipa umeme, mishahara na wadai. Kwa mkuu wa chuo anayekabiliwa na mgomo, darasa kubwa la ualimu wa sanaa ni nafuu ya haraka. Zile 62,000 zinazokosekana hazipotei. Hulipwa na mwanafunzi mwenyewe kwa elimu anayoikosa.

Kinachopungua ni nini hasa? Ufundishaji wa lugha, tofauti na masomo mengi, hautimii kwa mhadhara. Hutimia kalamu nyekundu inapopita juu ya sentensi ya mwanafunzi. Mhadhiri mwenye wanafunzi 60, akiwapa insha mbili kwa muhula na kutumia dakika 15 kwa kila insha, atasahihisha kwa saa 30. Mhadhiri huyo huyo akiwa na wanafunzi 400 atahitaji saa 200, sawa na siku 25 za kazi za saa 8 kila siku bila kufundisha, bila kutafiti na bila kuhudhuria kikao. Hakuna anayefanya hivyo. Anachofanya ni kuiacha insha na kutoa maswali ya majibu mafupi, au kusoma utangulizi na hitimisho na kukisia alama ya katikati. Mwanafunzi aliyeingia akisema "kitabu yangu" na "watoto zake" anaweza kumaliza miaka minne, akaiandika nadharia ya isimu kwa kukariri, na kutoka akisema "kitabu yangu". Kisha hutumwa shuleni kufundisha ngeli.

Uhaba huo hujidhihirisha pia katika usimamizi wa mazoezi ya kufundisha. Mhadhiri aliyepaswa kumtembelea mwanafunzi darasani mara kadhaa hupewa nauli ya kufika mara chache, tena kwa haraka. Ziara za nyanjani, mathalan zile za kuwapeleka wanafunzi wa fasihi Lamu na Mombasa kusikiliza lahaja na kuona miswada, huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kukatwa, kwa sababu zinaonekana kama matembezi. Kwa mwanafunzi aliyelelewa mbali na pwani, ziara hiyo ilikuwa fursa ya pekee ya kukisikia Kiswahili kikisemwa na wenyewe jikoni na barazani. Kukatwa kwake hakuonekani katika takwimu zozote.

Mtindo wa Mwaka 2023

Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mtindo mpya wa ufadhili, uliowahusu kwanza waliofanya mtihani wa mwaka 2022. Badala ya fedha kupewa chuo kwa jumla, zilielekezwa kwa mwanafunzi mmoja mmoja kupitia ruzuku ya masomo na mkopo, kwa kuangalia uwezo wa familia. Karo ya shilingi 16,000 iliondoka, na mwanafunzi akaonyeshwa gharama halisi ya kozi yake. Katika utaratibu wa makundi matano uliotumiwa mwaka 2024, familia zilizohesabiwa kuwa maskini zaidi zilipewa ruzuku ya asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, zikabaki na asilimia 5. Familia za kundi la tano zilibakiwa na asilimia 40.

Mtindo huu ulikuwa na hoja. Haikuwa haki kwa mtoto wa tajiri na wa mchuuzi kulipa 16,000 ile ile. Hata hivyo, utekelezaji uliibua malalamiko makali. Uwezo wa familia ulipimwa kwa majibu ya fomu iliyojazwa kwenye mtandao, na wapo watoto wa wakulima wadogo waliojikuta katika kundi la wenye nacho. Neno "kundi" lenyewe liligeuka kuwa kitambulisho mabwenini. Mwezi Agosti mwaka 2024, baada ya wanafunzi kutishia maandamano, serikali iliunda kamati ya kuutathmini mtindo huo. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa ulikiuka Katiba kwa kuwabagua wanafunzi. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo wakati rufaa ikisubiriwa. Mwanafunzi aliyeingia mwaka 2023 alikuwa, kabla ya kufika nusu ya masomo yake, amekwisha kusomeshwa kwa mtindo uliotangazwa, ukarekebishwa, ukabatilishwa na ukarejeshwa.

Kwa idara ya Kiswahili mtindo huu una jambo ambalo halijajadiliwa vya kutosha. Mwanafunzi anapoonyeshwa bei, huanza kupima. Kozi ya ualimu wa sanaa ina gharama ya chini ikilinganishwa na uhandisi au tiba, na hilo laweza kuwavuta wenye uwezo mdogo. Lakini mwanafunzi huyo huyo hujiuliza pia ni lini atalipa mkopo, na anawajua wahitimu wa ualimu waliokaa miaka mingi wakingoja kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Basi Kiswahili kinasimama njia panda. Bei yake inavuta na soko lake linasukuma. Idara iliyozoea kupokea wanafunzi waliotumwa na mfumo italazimika kueleza, kwa mara ya kwanza, mhitimu wake anaweza kufanya nini zaidi ya kushika chaki: kutafsiri sheria, kuhariri, kutangaza, kufasiri mahakamani na katika mikutano ya kimataifa. Ni ajabu kidogo kwamba lugha iliyo rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba inahitaji kujitetea hivyo nyumbani kwake.

Deni na Mgomo

Kufikia mwaka 2023 madeni ya vyuo vikuu vya umma yalizidi shilingi bilioni 60. Sehemu kubwa ilikuwa makato ya pensheni, kodi na vyama vya akiba yaliyokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi yasiwasilishwe kunakohusika. Mhadhiri aliyefundisha miaka 30 anaweza kustaafu akiwa na hati ya mshahara inayoonyesha makato ya kila mwezi na akaunti ya pensheni isiyoonyesha kitu.

Hali hiyo ndiyo iliyochochea migomo ya mwaka 2017 na 2018, na ule wa mwaka 2025 uliodumu kwa siku 49, kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5. Kiini cha mgomo wa mwisho kilikuwa shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa kipindi cha 2017 hadi 2021. Yaani wahadhiri walikuwa wakigomea fedha za miaka minane iliyopita. Wanafunzi walirudi makwao au wakabaki katika vyumba vya kukodi wakila akiba ya mkopo, na muhula uliosalia ukabanwa katika wiki chache. Katika muhula uliobanwa, kitu cha kwanza kuondoka ni kile kile: insha, mjadala wa semina, na rasimu ya pili ya tasnifu.

Kizazi Kijacho

Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa umilisi walijiunga na Gredi ya 10. Wamegawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Katika mikondo yote mitatu Kiswahili, au Lugha ya Ishara ya Kenya, ni somo la lazima. Kama ilivyotokea mwaka 1985, Kiswahili kimewekwa tena katikati kwa amri, na kama ilivyotokea wakati huo, amri hiyo haikuja na mgao wa kuwafunza walimu wake.

Mfumo huo hautaki mwanafunzi akariri ngeli. Unataka azungumze, aigize, aandike kwa ajili ya hadhira halisi, na mwalimu amsikilize na kumpima kwa utendaji wake. Wengi wa walimu vijana watakaofanya kazi hiyo walisomea vyuoni baina ya mwaka 2016 na 2025, katika kumbi zilizofurika na mihula iliyokatwa na migomo, na baadhi yao hawakuwahi kurudishiwa insha iliyosahihishwa sentensi kwa sentensi. Mkupuo wa Gredi ya 10 utamaliza shule mwaka 2028 na kubisha hodi vyuoni mwaka 2029. Wahadhiri watakaoufungulia mlango watapima kwa masikio yao wenyewe jinsi walimu hao walivyofundisha, na jinsi wao walivyowafundisha walimu hao.